Yule wa Gambuti Kwenye Video

Mama yangu, shikamoo.

Kabla ya yote, goti linaendeleaje? Dada Anna aliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Nimefurahi. Mimi mwili ni mzima. Kutulia ndiko kulikonishinda. Barua hii anakuletea Neema, mwanafunzi wa huku ughaibuni anayekuja likizo Morogoro, maana kwenye simu umekataa kunisikiliza. Umesema simu inampa mtu nafasi ya kudanganya.

Basi nakueleza kama ninavyoandika habari za kazini.

Aliye kwenye video aliyoipiga huku kijana wa jirani yako, mama Zuhura, ni mimi. Gari jekundu ni langu. Mtaani kwangu hapa Ganshoren hawaruhusu kuoshea gari barabarani, kwa hiyo tunakwenda kwenye kituo chenye mashine. Unatumbukiza jetoni, kijisarafu cha bati, maji yanatoka kwa nguvu, unajioshea mwenyewe. Mwalimu anaosha, mkurugenzi anaosha. Wa kukuoshea hayupo. Gambuti na koti la mvua nilivaa nisilowe.

Gari la pili, lile jeupe, ni la Papa Bosco, Mkongo wa Bukavu, dereva mstaafu. Alikuwa anaosha pembeni yangu, akaona nimesogeza mpira wa maji karibu mno na mlango.

"We journaliste! Rudisha mukono nyuma, utatosha rangi yote!"

"Siitoi rangi, papa, naondoa kinyesi cha njiwa."

"Bon, uko unaondoa mulango! Kwetu Bukavu muntu wa cravate shingoni anakaaka, anakunywa bière, wengine wanaosha. Ona sasa!"

Alicheka mpaka akashika bega. Bega lile halinyanyuki, ndiyo maana nilimsugulia paa la gari lake. Alichoniwekea mkononi, ambacho mama Zuhura anakiita ujira, ni jetoni iliyombakia. Kijana alikuwa anapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara. Angevuka, angeuliza.

Hizo ndizo habari. Kazi yangu ya uandishi ninayo, na mkuu wangu anataka jibu mwezi huu kama nitaendelea kukaa huku.

Lakini Anna alinifikishia maneno yako kama ulivyoyasema: "Mwambie arudi, chakula kipo." Tangu hapo nasimama dirishani, natoka, nazunguka mtaa, narudi, natoka tena. Kazini tunawangojea mawaziri kwenye korido, wenzangu wanakaa sakafuni na kompyuta zao, mimi natembea. Juzi waziri alipita nikiwa nimempa mgongo. Mama, miaka yote niliyokaa huku mmeniuliza naendeleaje. Hakuna aliyewahi kuniambia nirudi. Hata barua hii naiandika nusu nimesimama.

Nisalimie Anna na mumewe, mjomba Elia na mizinga yake ya nyuki, na shangazi anayeongoza kwaya. Mama Zuhura naye msalimie, usigombane naye. Alichokiona alikiona, alikosea kukisoma tu.

Uliniita ukidhani nimeshindwa. Sasa unajua sijashindwa. Kama bado unanitaka nyumbani, niite tena, mama, kabla sijamjibu mkuu.

Mwanao,
Yohana