Jumamosi Baba Apite Peke Yake?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba radhi mapema kwa kuwa mwalimu wetu wa lugha hutufundisha kwamba barua njema ni fupi, lakini hili nimekaa nalo kifuani hadi limekataa ufupi.

Baba yangu ni fundi wa kuchomea mageti na madirisha, na kwa miaka mingi alikuwa mlevi, nasema bila kuficha kwa sababu yeye mwenyewe siku hizi hafichi. Mwaka jana alilia mbele ya mama akasema anataka kuacha ila hajui aanzie wapi, basi nikaenda zahanati kuuliza, na muuguzi akanielekeza kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, hukutana kila Jumamosi asubuhi katika jengo lililo nyuma ya maktaba, bure, na hakuna anayekuuliza jina. Siku ya kwanza nilimsindikiza, tukakosea mlango tukaingia kwenye mazoezi ya kwaya, na baba kwa aibu hakuthubutu kutoka, akapangwa na wenye sauti nzito akaimba hadi mwisho. Nilidhani hatatia mguu tena pale, kumbe njiani alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Kama nimeweza kuimba na watu nisiowajua, kusema ukweli ndiko kutanishinda?" Jumamosi iliyofuata tukapata mlango wenyewe.

Tangu hapo hajanywa. Kuna siku wanaruhusu familia kuingia, nikamwona akisimama na kusema, "Mimi ni fundi, ni mlevi, na leo sijanywa," watu wakampigia makofi, nami machozi yakanitoka kwa fahari, maana sikuwahi kumsikia baba akizungumza mbele ya watu bila kufoka wala kuomba msamaha. Sasa amepewa kazi ya kusimama mlangoni kuwapokea wageni, na shati lake la Jumamosi hulipiga pasi mwenyewe, hataki mtu aliguse.

Shida ni njia. Lazima tupite baa ambayo geti lake alilichomea yeye, na rafiki zake wa zamani huanza kukaa pale mapema wakimwita, "Fundi! Geti lako linapiga kelele, njoo ulitie mafuta!" na mwingine humjibu, "Mwacheni, siku hizi anatembea na askari!" Askari ni mimi, kwa sababu humshika mkono hadi tupite. Sasa shule imeweka masomo ya ziada kila Jumamosi asubuhi, mtihani wa mwisho umekaribia, na hesabu zinanipiga chenga. Baba aliposikia alisema, "Nenda, mama. Miguu ninayo." Lakini shangazi alininong'oneza jikoni, "Mlevi haachwi njiani peke yake. Akianguka utajilaumu maisha yako yote." Kwa hiyo nimemwambia mwalimu sitahudhuria, na baba bado hajui. Nifanye nini, mshauri, na nikienda shule nitasoma nini ilhali moyo umebaki barabarani?

Binti wa fundi

JIBU

Marahaba, binti wa fundi. Wengi hulia wakaishia hapo hapo kwenye kulia. Baba yako alilia, wewe ukaenda kuuliza, naye akaenda, tena baada ya kwaya! Jivunie, una haki.

Sasa tega sikio nikukaripie kidogo. Uaskari huo nani alikuajiri? Jumatatu hadi Ijumaa wewe uko darasani. Baba anapita mtaani kununua vyuma, anakwenda kwa wateja, anarudi nyumbani mzima. Siku hizo nani humshika mkono? Baa huwa imefungwa? Mwanangu, kwa muda wote huu anajishika mwenyewe, ila wewe huioni hiyo kazi kwa sababu haifanyiki mbele ya macho yako.

Shangazi msalimie. Ana uchungu na kaka yake, namwelewa. Lakini hayo ya kujilaumu maisha yako yote mrudishie. Baba akinywa, amekunywa baba. Si kosa la mtoto aliyekuwa darasani. Sentensi hiyo isome tena, kwa sauti.

Leo hii mwambie baba kwamba ulimkatalia mwalimu. Usimfiche, yeye amejifunza kusema ukweli mbele ya watu, nawe umwambie wako sebuleni. Jumatatu nenda kwa mwalimu, omba nafasi yako. Kisha mwombe baba azungumze na mwenzake mmoja wa kikundi ili Jumamosi wapite pamoja. Hawa hawakutani kunywa chai tu. Mmoja koo likimwasha, humpigia mwenzake simu. Akitaka kupita njia ya kuzunguka, aipite. Achague yeye. Nawe uliza pale pale kama kuna mkutano wa watoto na ndugu wa walevi, au mrudie yule muuguzi. Umebeba mengi tangu ukiwa mdogo, na mzigo wa namna hiyo hautuliwi na mtu mmoja.

Jumamosi mchana, mkikutana nyumbani, usimnuse. Najua umezoea, watoto wa walevi wote hufanya hivyo, hukumbatia kwa pua. Safari hii mkumbatie kwa mikono, fungua daftari, umwonyeshe hesabu ulizopata na zile ulizokosa.