Mchumba Wangu Ni Maji na Udongo, Lakini Hataki Kusikia

Mpendwa Shangazi,

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba mtu asiyeijua hali ya mwili wa mwenzake hawezi kumpenda ipasavyo. Atampapasa tu kama anayetafuta swichi gizani. Elimu ya kale ya tiba kutoka India, iitwayo Ayurveda, hufundisha kwamba miili yetu hutawaliwa na hali tatu: vata, yaani upepo, na wenye nayo ni wepesi, waongeaji, wasiotulia, pitta, yaani moto, na wenye nayo ni wakali wa akili na wa ulimi, na kapha, yaani maji na udongo, na wenye nayo ni wapole, wavumilivu, wazito wa kuamka na wazito wa kusahau. Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, ninafanya kazi maktaba, na vitabu vya elimu hiyo nimevisoma hadi tanbihi zake, kwa hiyo sikuhitaji kubahatisha: mimi ni upepo, mchumba wangu ni maji na udongo.

Ushahidi ninao. Yeye ni mwokaji mikate, na kila nikimtembelea kwao baada ya kazi humkuta kwenye kigoda cha jikoni, ameegemea ukuta, unga bado uko kwenye nyusi zake, anatabasamu taratibu kama mtu asiye na pa kwenda, na nikianza kueleza jambo hunisikiliza hadi mwisho, tena huniuliza maswali, jambo ambalo hata wahadhiri wangu hawakuwahi kulifanya, nikaupenda utulivu huo, Shangazi, na kwa kuwa nampenda nikaanza kumtunza kwa mujibu wa elimu, nikamwondolea maziwa kwenye chai, nikamwekea tangawizi, nikamshauri awe anaamka alfajiri, naye akanijibu, “Alfajiri mimi nimeshatoa mikate kwenye tanuri, mpenzi. Uliyelala ni wewe.” Hilo nililichukulia kuwa jambo la ajira, si la maumbile.

Siku moja nikampitia kazini, nikamkuta anamfokea dereva aliyechelewa kuleta unga, mikono kiunoni, sauti inafika barabarani, nami nikamwambia kwa upole, mbele ya wenzake, kwamba hasira si asili yake. Mzee anayesimamia tanuri akaangua kicheko. “Shemeji, unamsema nani? Huyu hapa sisi tunamwita Gesi!”

Kisha wiki iliyopita akalia. Bibi yake aliyemlea anahamia kwa mwanawe, mjomba wa mchumba wangu, mji wa mbali, Jumamosi ijayo. Nikamweleza kwamba watu wa kapha hung'ang'ania walivyovizoea, na kwamba ingemfaa apunguze vyakula vizito mpaka hali itengemae. Akajifuta uso kwa aproni.

“Nimekwambia bibi yangu anaondoka, wewe unaniambia nisile ndizi?”

Nikaanza kufafanua. “Basi,” akasema. “Niambie jambo moja tu kuhusu bibi. Moja, katika yote niliyokusimulia.”

Nikatafuta kichwani, sikupata.

“Jumapili usije kula kwetu. Na hiyo harusi tuiache kwanza.”

Sasa ninauliza: kosa liko wapi? Elimu ninayo, nia ni njema, na mwanamke ninayempenda kuliko vitabu vyote nilivyosoma hapokei simu yangu. Unijibu hapa gazetini, hadharani, hoja kwa hoja. Kufarijiwa kwa faragha sitaki.

Mchumba wa Mwokaji

*

Mchumba wa Mwokaji, mwanangu,

Umetaka hoja kwa hoja, basi kaa kitako. Elimu hiyo sina ugomvi nayo. Ina wazee wake na wanaoiheshimu. Lakini hao hao husema kila mtu anazo hali zote tatu, ila vipimo hutofautiana. Hapo umeparuka, msomaji wa tanbihi, kwa sababu jibu ulikuwa nalo kabla ya swali. Mwenzako unamwona akiwa amechoka, ukadhani uchovu ndio asili yake. Mwanamke aliyeshinda mbele ya tanuri atajikalia kwenye kigoda, hata angekuwa kimbunga! Wenzake wote wanamjua kwa jina la Gesi, nawe mchumba ukawa wa mwisho kupata habari.

Wala usijitese ukidhani humpendi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtu asiyependa haoni unga kwenye nyusi. Macho unayo. Masikio ndiyo uliyoyaachia vitabu. Yeye hukusikiliza hadi mwisho, umekiri mwenyewe. Je, wewe ulimsikiliza hadi mwisho lini? Alipolia hakukuuliza machozi yanatokana na nini mwilini. Alitaka useme, “Pole, mpenzi,” ukae karibu naye, unyamaze. Neno pole halihitaji shahada.

Sasa fanya hivi. Maziwa ya watu yarudi kwenye chai, tena leo. Kwa kuwa simu hapokei, mtumie ujumbe mfupi (mfupi, nimeshakujua) umwombe radhi, na umwombe ruhusa ya kuja Jumamosi kumsaidia bibi kuhama. Alikukataza chakula cha Jumapili, mizigo hakuitaja. Akisema usije, usiende, na habari ya harusi usimsukume nayo. Akikubali, vaa nguo za kazi, ufike kabla ya gari, ushike upande mzito wa kabati. Usimpime mtu ngozi wala pumzi. Bibi atazungumza, maana wazee wakihama kila sufuria huwa na kisa chake. Ulimi ukikuwasha, sema, “Ikawaje, bibi?” Kisha funga mdomo.

Jibu la hadharani ulilonidai nimekupa. Nami nakudai lako. Bibi akishafika salama kwa mwanawe, andika hapa hapa, mbele ya wasomaji wote, utueleze ni mtu gani: anacheka nini, anaogopa nini, alimleaje huyo Gesi wako. Ukituandikia kwamba ni upepo, moto au maji, sitaichapisha.

Shangazi