Mwanafunzi Aliyemwaga Kikapu Changu

Mjukuu wangu Nafula,

Nakusalimu, nikiwa bado huku Kericho. Mguu unaniuma lakini natembea. Mama yako alikuja juzi akaniachia unga.

Umeniuliza kama vijana unaowasaidia bila malipo huko Nakuru watakuja kukushukuru. Nikuambie yaliyonipata mimi.

Miaka ya hamsini nilikuwa mchuma chai. Kila Jumapili niliwafundisha vijana wa kambi ya wafanyakazi kusoma, ingawa mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Kipkoech alishika haraka kuliko wote. Kwa kuwa alijua kusoma, mzungu wa shamba akamfanya nyapara.

Siku yake ya kwanza kukagua majani, mzungu akiwa amesimama nyuma yake, Kipkoech alimwaga kikapu changu chote chini.

"Mwalimu, haya yamekomaa. Chagua machanga tu."

Wenzangu walicheka. "Leo mwalimu ameanguka mtihani!"

Nilipiga magoti kwenye matope nikachagua. Jioni Kipkoech alikuja mlangoni kwangu.

"Ningekuachia, wangesema napendelea. Ningerudishwa kuchuma."

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu.

Jumapili iliyofuata niliwafundisha wengine, kwa sababu walikuwa wameshakuja na kuketi. Wewe pia endelea na wako, mama, ila shukrani nyingine huja hivi: Kipkoech aliniita Mwalimu mbele za watu, kwa heshima, hadi nilipoacha kazi. Na kila aliponiita, nilisikia majani yakimwagika.

Babu yako