Kwa Zainabu, Niliyemfunda Kunyamaza

Mwari wangu Zainabu,

Nakuandikia kwa herufi zetu za madrasa, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umefungwa mpaka shingoni. Mfupa wa bega umevunjika. Nitakueleza ulivyovunjika.

Unakumbuka siku saba nilizokuweka ndani hapa Rasbura? Nilikufundisha kumfukizia mume nguo, kumpokea akirudi, kunyamaza akifoka. Ukaniuliza, "Na yeye, somo, anafundwa na nani?" Nikakufinya paja mpaka ukalia. Mwari haulizi.

Salumu wako alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge, na kiboko cha kazini alirudi nacho nyumbani. Mara ya kwanza ulinijia mdomo umepasuka. Nikakukanda kwa maji ya chumvi, nikakurudisha mwenyewe. "Vumilia," nikakwambia. Mara ya pili ulikuja na meno yako mawili kiganjani, na mimba ya miezi sita. Nikakurudisha tena. Njiani ulitema damu mchangani, ukaifukia kwa unyayo, watu wasiione.

Hazikupita siku nyingi akakupiga mateke ya tumbo. Bi Tatu, mkunga wa hospitali, ndiye aliyekupokea, na ndiye aliyekuosha. Mtoto alikuwa wa kiume. Salumu alifungwa. Mimi nikaitwa kwenye harusi nyingine, nikaenda kufunda.

Mwezi uliopita Bi Tatu alikuja kwangu. "Nataka tuanze kikao cha kina mama, kila Jumatano, cha mambo ya ndoa na nyumba. Ukifungue wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nusu yao umewafunda wewe. Na mimi nimechoka kuwashona."

Siku ya kufungua walijaa chumba cha madrasa. Nikamswalia Mtume, wao wakingoja mafundisho yale yale. Nikawapa habari zako. Nikawaambia na lile nisilowahi kumwambia mtu: kwamba siku uliyokufa ulinijia mara ya tatu, mchana, ukagonga, ukaita, "Somo, nifungulie." Nami nilikuwa macho, nimekaa juu ya mswala. Nikanyamaza mpaka nikasikia umeondoka.

Hakuna aliyenitazama. Kisha Mwanahawa, binti niliyemfunda mwaka jana, akasimama, akateremsha buibui na kanga. Mgongo mzima ulikuwa michirizi, mingine bado mibichi. Hajafumbua mdomo, mumewe akaingia na bakora. "Mke wangu hafundwi ukaidi!" Akamkamata nywele, akamburura sakafuni kama gunia. Nikawahi mlangoni, nikaziba njia. Bakora ikanitua begani, nikasikia mfupa ukikatika. Nikamng'ata mkono, sikuachia mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Hapo wanawake wakamwangukia kwa viti na mitalawanda ya mbao ya miguuni mwao. Uso wake haukutambulikana. Nitakwambia kweli, Zainabu: nilimwona anazimia, na sikusema basi. Aliyesema ni Bi Tatu. Akapiga magoti palepale, akaanza kumshona na yeye.

Liwali alituita. "Mtu mzima kama wewe, bibi, huoni haya?"

"Naona haya, Liwali. Nimechelewa mno."

Akatukataza chumba cha madrasa. Jumatano iliyofuata tukakutana ukumbini kwangu. Wengi waume zao waliwazuia. Walikuja tisa.

Mwanahawa anakaa kwangu. Mtu akikohoa nje, anashtuka mpaka anaangusha alichoshika. Jana baba yake alikuja amchukue, amrudishe kwa mumewe. Nikamwambia aanze kunivunja na bega la pili. Akaondoka akitukana, na najua atarudi. Leo asubuhi tulikuwa tunapepeta mchele, akaniuliza, "Nitakaa mpaka lini, somo?"

"Mpaka utakapotaka kutoka mwenyewe."

Akalia. Nami nikalia, ila si kwa ajili yake.

Sikuombi unisamehe, mwanangu. Nikikuomba, nitakuwa nakutwika tena jambo la kuvumilia. Mwenyezi Mungu akulaze, wewe na mwanao, mahali ambapo hakuna wa kuwainulia mkono.

Mimi somo yako,
niliyekufunda vibaya.