Kutu ya Mnara wa Ndera

Ndera,
14 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba macho hayakusumbui kama mwezi uliopita. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka na nywele zimejaa vumbi la kutu hata sabuni imekata tamaa. Nasikia huko Marafa mmepata manyunyu. Huku Ndera jua ni kali na mto umepungua hadi unatia huruma. Na wewe Beryl, mdogo wangu unayemsomea Baba, soma yote. Ukiruka mstari nitajua, na tutakutana.

Ningepiga simu, Baba, lakini simu ungeikata.

Unajua nilipewa kazi ya kuupaka upya mnara wa tangi la maji hapa. Nilipofika nilikuta mguu mmoja umeliwa na kutu kwa chini mpaka kidole kinapita. Nikakuta pia mambo yameshaamuliwa. Job, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa akiwaambia watu kuwa ni ng'ombe wa Waorma: wanajikuna kwenye chuma, wanakojoa pale pale, ndiyo maana rangi imetoka. Basi mifugo isikanyage tena kwenye birika la kunyweshea la mnara kiangazi hiki chote. Na njia ya mtoni, kama ujuavyo, imezibwa na mashamba, kwa hiyo birika hilo ndilo walilobaki nalo.

Siku ya kwanza tu alikuja Sabdio, mama wa Kiorma mwenye ng'ombe kumi na wawili na ulimi mkali kuliko wangu. Akanisimamia kichwani nikiwa kazini, akasema kuwa wallahi, umri wake wote hajaona mkojo wa ng'ombe unaopanda mita sita. Nilicheka, kisha nikatazama juu. Kutu ilikuwa imepanda hadi chini ya tangi lenyewe.

Nikachukua brashi ya waya nikajaribu kidogo kila mguu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba chuma kisuguliwe kwanza hadi king'ae, kisha kipakwe praima nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu. Hapa, chini ya ile rangi ya fedha, hakukuwa na praima hata tone. Rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu, na ndani kutu tupu. Job akauliza ni fundi gani aliyefanya uchafu huu. Nikajibu kuwa sijui.

Siku mbili nilishikilia hilo la sijui. Nikala wali wa mke wa Job, na Sabdio akafukuzwa birikani mbele ya macho yangu. Siku ya pili ndama wake alilala chini akashindwa kuinuka. Mama wa watu alimletea maji kwa kikombe, yale ya kunywa nyumbani kwake, lakini wapi. Ndama akafa.

Najua utakavyosema. Utasema wale si watu wetu, kwamba ugomvi wa maji tuwaachie wenyewe, na kwamba mtoto mwenye adabu humfunika mzazi wake. Thubutu! Mficha uchi hazai, Baba.

Jana kamati ilikaa, na Waorma wakaitwa waje kusomewa uamuzi. Nikasimama bila kuitwa. Nikawaambia ng'ombe hawana kosa. Nikawaambia mnara huu ulipakwa miaka kumi na mmoja iliyopita na fundi Chengo, aliyekuwa akikaa Garsen kabla ya kuhamia Marafa, baba yangu mzazi, pamoja na binti yake Linda, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na akili zake timamu. Nikawaambia makopo sita ya praima yaliyoletwa kwa ajili ya mnara yaliishia kwenye paa la nyumba yetu ya zamani, lile paa jekundu ambalo Garsen nzima hulisifu kuwa halishiki kutu. Nililipaka mimi mwenyewe, huku naimba. Kisha tukaja hapa tukapaka rangi ya fedha juu ya kutu, na watu wakatupigia makofi.

Ndiyo, nimekutaja. Nimejitaja na mimi.

Job aliniita mwizi, na ni kweli. Sabdio hakunishukuru. Alisema maneno yangu hayamfufui ndama wake, akaondoka akaenda kulifungua birika kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Kama unangoja nikuombe radhi kwa hili, ng'o! Ukitaka kunilaani, nilaani, lakini uje unilaani hapa.

Msalimie mama sana, na majirani wote wanaoniulizia. Beryl nitamletea maembe nikimaliza.

Mguu ulioliwa umeshatiwa chuma kipya na fundi wa kuchomelea. Miguu mitatu nimeikwangua na kuipaka praima, safari hii praima kweli. Wa nne nimeuacha. Nimewaambia fundi wake wa kwanza yuko njiani, anakuja na brashi yake. Basi la Malindi linafika Garsen mchana, na nitakupokea stendi. Nimeshawadanganya watu hawa mara moja kwa ajili yako, Baba. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Mwanao anayekupenda na asiyekuogopa,
Linda Chengo