Maski Niliyompaka Dada

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumatano, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko? Miguu imeacha kuvimba? Sisi huku wazima, isipokuwa uso wa dada, nao ndio ulionishikisha kalamu. Usicheke mwandiko, mkono huu umezoea mashine ya kunyolea.

Wewe unauza dawa, Shangazi. Mimi ni kinyozi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha, ila mtaani hakuna anayenizidi kwa ndevu, na nyuso nikajiona nazijua zote. Juzi dada akaniletea kopo la maski ya chunusi: "Haya fundi, nitakatishe. Jumatatu ijayo naanza kazi mapokezi!"

Kwenye kopo wameandika salfa, asidi ya salisiliki na udongo mweupe. Udongo naujua. Salfa niliinusa, ikanitosha. Hiyo asidi nikairuka, jina lake refu kuliko mimi.

Sasa sikia kosa. Sisi vinyozi tukimaliza ndevu tunapaka spiriti. Mteja akiruka kitini, tunasema imeingia. Basi nikamsugua dada spiriti kwanza, maski juu yake. Wameandika dakika kumi, mimi nikamwachia saa nzima. Akilalamika inawaka, namjibu, "Tulia, chunusi zinahama." Akacheka, maskini.

Leo siku ya tatu. Mashavu yamevimba, yanamenyeka kama kiazi kilichochemshwa, na chini ya jicho la kushoto panatoka majimaji. Mama anadhani ni joto. Mimi kazini napiga domo kama kawaida, lakini akili iko kwa dada. Jana nimemchana mteja sikio. Hiyo asidi inakula hadi wapi, Shangazi? Ngozi itarudi? Na jicho je?

Angenitukana ningepumua. Hanitukani, ananiamini. Hivi ninavyoandika ananiita kutoka sebuleni, nywele kashazifunga: "We mdogo wangu, njoo na spiriti yako, tupige duru ya pili!"

Jibu lako silingoji tena. Naenda kumnyang'anya kopo na kumwambia ni mimi niliyemchoma, kisha twende zahanati, na kopo tulibebe walisome wanaojua. Viatu nimeshavaa, naenda.

Msalimie babu, na mapacha wako wafinye mashavu kwa niaba yangu. Mungu akulinde, naye amwachie dada uso wake.

Ni mimi mwanao mtundu, nikupendaye kwa hofu yote hii,

Kinyozi