Mguu Niliomtengenezea Mdogo Wangu Unamla Nyuma ya Goti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke ukiona mtu mzima wa miaka arobaini na mbili anakuandikia kurasa tatu kwa sababu ya sehemu ya mwili isiyozidi upana wa kiganja, maana sehemu hiyo, yaani nyuma ya goti la mdogo wangu, ndiyo inayoninyima amani, na aliyeiharibu ni mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Huu ni mwaka wa kumi na nne niko katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, na bila kujisifu mguu wa binadamu naujua, najua shavu la mguu linavyosinyaa mtu akishakatwa, najua pia ya goti inavyocheza, najua muundi unataka kubanwa wapi na wapi hautaki kuguswa, na najua kwamba nyuma ya goti kuna bonde lisilo na mfupa wa kulikinga, mshipa mkubwa wa damu unapita hapo na mshipa mkubwa wa fahamu unapita hapo, na pembeni, kulia na kushoto, kuna kano za paja ambazo mtu akisimama zimetulia tu, lakini akikunja goti zinachomoza. Hapo ulipokaa hebu pitisha vidole chini ya goti lako utazishika, zimekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo kila fundi wa kazi yetu anafundishwa kwamba kikombe, yaani ile sehemu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu, ukingo wake wa nyuma usipande mno, la sivyo mtu akikaa utamkata. Hili nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa mdogo wangu ni fundi cherehani, mtaani wanamwita Sindano kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya wembamba wake, na miaka miwili iliyopita alikatwa mguu wa kushoto, daktari akambakizia shibiri moja chini ya goti, na sisi tunaoijua kazi hii tunasema mtu aliyebaki na goti lake amebaki na utajiri. Alikatwa kwa ajali ya pikipiki. Niliyeendesha nilikuwa mimi, yeye alikaa nyuma, na mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Tangu siku hiyo hajawahi kunitamkia neno juu ya jambo hilo, wala mimi sijawahi kumtamkia.

Kidonda kilipopona na kigutu kikatulia nikasema mguu wake hataugusa fundi mwingine, nikaufanya peke yangu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilipofika kwenye ule ukingo wa nyuma nikaogopa. Mteja mwingine ningemkatia chini bila kufikiri, lakini huyu mwembamba, kigutu chake kifupi, nikawaza je, ukimtoka akiwa barabarani, basi nikauacha juu kwa upana wa vidole viwili ili umshike barabara. Siku ya kumvisha akaja na mama na shangazi zetu wawili, akatembea kati ya yale mabomba mawili ya kujishikilia, akayaachia, akatembea mikono mitupu, mama akalia, shangazi wakapiga vigelegele, mkuu wetu akapiga picha ambayo mpaka leo iko ukutani. Baada ya kutembea huwa tunamketisha mtu kwenye kiti kifupi, kisigino chini, halafu fundi anapitisha vidole nyuma ya goti kuona kama kano zina nafasi. Kiti kilikuwepo. Kilikuwa kimejaa mikoba ya mama na shangazi, nami nikaona aibu kuwasumbua watu wenye furaha, nikamruhusu akaenda zake.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Kila nikimtembelea dukani namkuta amesimama mezani anakata nguo au anapiga pasi, nikawa najisifu moyoni kwamba mguu umempa nguvu kiasi kwamba hataki kukaa. Nikimuuliza, "Mguu umekukaa vizuri?" ananijibu, "Vizuri sana, kaka."

Jumanne iliyopita shemeji, mke wa mdogo wangu, alikuja karakanani, akanivuta pembeni, akatoa suruali ya mumewe kwenye mfuko akaitandaza juu ya meza yangu. Nyuma ya goti ilikuwa na doa kubwa limekauka, damu na usaha, na kwa ndani mdogo wangu ameshona kitambaa kingine ili doa lisionekane nje, ameshona vizuri kweli, huwezi kujua mpaka uigeuze. Akaniambia siku hizi mume wake anavaa suruali nyeusi tu, kwamba ndani ya kikombe ameshonea kipande cha sponji, kwamba kazi za cherehani anawapa wengine kwa sababu hawezi kukaa robo saa, na kwamba kidonda kimeanza kunuka. Akasema mumewe amemwapisha. Alimwambia, "Kaka asijue kamwe, ule mguu ndio kitu pekee kinachomfanya aniangalie usoni."

Mshauri, tangu nisikie maneno hayo sijielewi. Nikienda kumwambia najua, nitakuwa nimemuumbua shemeji na kuvunja nyumba yao. Nikinyamaza, najua mwisho wake, kidonda kitaingia ndani, na kikifika kwenye zile kano na mishipa watamkata tena, safari hii juu ya goti, na cherehani ndiyo kwaheri. Nimefikiria njia ya katikati, nimwite nimwambie ni ukaguzi wa kawaida wa kila nusu mwaka, nimpe soda asubiri nje, ule ukingo niupunguze kimyakimya, nimrudishie, na mtu yeyote asiaibike. Hapo nitakuwa nimekosea? Nisaidie, maana nikiiangalia ile picha ukutani natamani ningekuwa nimeshika kazi nyingine kabisa.

Ni mimi, Fundi wa Miguu

JIBU

Fundi, pole. Nimesema pole, sasa nisikilize vizuri, maana kabla sijakaa kwenye meza hii ya ushauri nilifunga vidonda wodini miaka kumi na tisa, na barua yako nimeisoma kwa macho yote mawili, la mshauri na la nesi.

Tuanze na la nesi. Barua ina siku tatu njiani, shemeji yako alikuja kabla yake, na kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka. Kidonda kinachonuka nyuma ya goti hakisubiri gazeti litoke. Ukisoma hapa, acha unachofanya, nenda ukamchukue mdogo wako umpeleke hospitalini, nawe unafanya kazi nyuma yake, huna kisingizio cha nauli wala cha njia. Mguu wa bandia asiuvae tena mpaka kidonda kifunge kabisa, atembelee magongo, atake asitake. Ukimkuta ana homa, au wekundu unapanda pajani, basi hapo usingoje hata kumaliza chai. Umesema mwenyewe kuwa aliyebaki na goti amebaki na utajiri. Huo utajiri umeuona unavuja damu juu ya meza yako, ukaenda kutafuta kalamu na karatasi!

Sasa la mshauri. Unaniuliza kama ni kosa kumpa soda akae nje huku wewe unakata ukingo kimyakimya. Ndiyo, ni kosa. Ukingo utashuka, kidonda kitapona, nawe utajipongeza. Lakini kigutu hubadilika, wewe unajua kuliko mimi, atahitaji mguu mwingine, na mwingine, mpaka uzeeni. Atakaporudi nyumbani na siri yako pamoja na ya kwake, atakuwa amejifunza lile lile alilokwisha kulijua, kwamba mbele ya kaka yake maumivu hayasemwi. Mguu ujao ukimbana atashona sponji nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi ndugu wawili mmegawana kazi, mmoja anaficha ugonjwa, mwingine anataka kuficha dawa.

Kuhusu shemeji yako, usiogope kumvunjia nyumba. Kiapo cha kumwacha mume aoze si kiapo cha ndoa. Kabla hujaenda, mtumie neno kwamba utasema kweli, ili asishtukizwe. Ukifika, sema waziwazi kuwa alikuja, na sema kwa nini alikuja, kwamba anataka mume mwenye goti. Mwanamke aliyebeba suruali chafu ya mumewe kwenye mfuko mpaka karakanani kwa ajili yake, huyo anastahili kushukuriwa na nyinyi wote wawili. Mumewe akinuna, atanuna siku mbili.

Mkuu wako wa kazi naye umwambie. Utaona haya, vumilia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mafundi wengine hapo wana kaka zao, wana mama zao, nao siku moja wataona haya kuondoa mikoba kwenye kiti. Wakisikia yaliyokupata wataiondoa.

Halafu kuna jambo moja nimeliona nikasikitika. Kurasa tatu umeniandikia, mfupa kwa mfupa, kano kwa kano, umenifanya nipapase goti langu nikiwa kazini, watu wakaniangalia. Lakini ile pikipiki umeipa mistari mitatu, ukakimbia. Ule ukingo uliupandisha kwa sababu uliogopa mguu usimtoke barabarani. Barabarani, fundi. Wakati mteja wako ni mshonaji, anayekaa kutwa nzima! Ulikuwa unamtengenezea mguu wa siku ile ya ajali, siyo mguu wa kazi yake. Na kila ulipokwenda dukani ulimuuliza, "Umekukaa vizuri?" Hilo ni swali la mtu anayeomba apewe alama. Mtoto wa watu afanye nini? Akakupa. Akasimama kutwa goti linamuuma, akakupa alama zako zote, kwa sababu aliona unazihitaji kuliko yeye anavyohitaji kukaa.

Sitakuambia humpendi. Nimeona unampenda, na yeye anakupenda, tena mapenzi yenyewe ndiyo yamewafikisha hapa. Miaka miwili amekulinda usisikie lawama. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wewe hujawahi hata kumuuliza.

Basi fanya hivi. Kidonda kikishapata dawa, nyinyi wawili mkae mahali, bila mama, bila shangazi, bila mtu wa kupiga picha. Mwambie, "Pikipiki niliendesha mimi, na ukingo niliukosea mimi." Ishia hapo. Usiongeze kisingizio cha mvua wala cha breki, usiongeze jinsi ulivyoumia kiwiko, na msamaha usiuombe siku hiyo, maana yeye ni mwepesi wa kutoa, atakupa haraka ili unyamaze. Muulize, "Inakuuma wapi?" kisha ufunge mdomo.

Huenda akakasirika. Huenda akasema maneno ambayo ameyabana tangu alipoamka wodini akakuta mguu haupo. Usijitetee. Mwache akulaumu mpaka aishiwe, na akishaishiwa, chukua futi yako, mketishe kwenye kiti kifupi, uanze kupima upya.